Acheni Kuisingizia Maina

Wiki hii kaja mwingine: "Bro, nataka wimbo wangu uwe na giza kama Humbug ya Arctic Monkeys, ndiyo maana nimeuhamishia kwenye maina." Jamani. Humbug ni albamu ya 2009 ya bendi hiyo ya roki ya Uingereza, na maina ni ile skeli, yaani mpangilio wa noti, inayosifika kwa kuleta huzuni. Kila anayetaka giza anakimbilia maina, kana kwamba ndiyo swichi ya taa.

I Bet You Look Good on the Dancefloor, wimbo uliowatoa mwaka 2005, uko F-shapu maina. Umewahi kuona mtu akiusikia akainama kwa huzuni? Watu wanaruka mpaka jasho linawamwagika. Kwa hiyo maina walikuwa nayo tangu mwanzo, na kilichobadilika 2009 si skeli.

Habari za Humbug kurekodiwa jangwani mnazijua: Joshua Tree, California, studio ya Rancho de la Luna, Josh Homme wa bendi ya Queens of the Stone Age kwenye usimamizi wa kurekodi. Tupite.

Sikilizeni nani anaongoza. Kwenye Crying Lightning, wimbo wa Humbug, usukani umeshikwa na besi ya Nick O'Malley, magitaa yanaingia na kutoka. Mwimbaji wao Alex Turner, ambaye kwenye albamu ya kwanza alikuwa anamwaga maneno kama kondakta wa daladala, hapa anayaburuta. Mwendo ukipungua, kila noti inapata muda wa kuacha mwangwi nyuma yake, na sikio linaanza kusikia ukubwa wa chumba.

Sasa linaloniudhi zaidi. Nikishasema hivyo, mtu anaenda kwenye miksi, pale sauti zote zinapochanganywa na kusawazishwa, anakata sauti zote za juu. Hilo si giza, ni sauti iliyoziba! Giza linahitaji kitu kimoja king'ae ili ujue pengine pote hakuna mwanga. Acha gitaa moja lenye mwangwi wa springi (ule unaotoka kwenye waya wa springi ndani ya amplifaya) lipenye huko juu. Wengine wabaki kwenye sauti za chini, na haihati, yale matoazi mawili ya dramu yanayogongana, ipigwe kwa adabu, maana ile kelele yake ya kilohezi 6 hadi 10 ndiyo inayowasha taa nyumba nzima. Na ukishusha gitaa mpaka waya mnene utoke E ya hezi 82 ufike B ya hezi 62, umeshaingia eneo la besi na kiki, ile ngoma kubwa ya dramu inayopigwa kwa mguu. Mmoja wao lazima apishe. Hiyo unaipanga wakati wa mazoezi. Ukinisubiri mimi kwenye miksi, umechelewa.

Kuna kitu kinanisumbua, lakini. Cornerstone, iliyomo humohumo kwenye Humbug, ilisimamiwa na James Ford, si Homme, na magitaa yake ni laini kabisa. Ila ukiifikia baada ya Fire and the Thud, wimbo unaoitangulia, unaisikia ina kivuli. Nimeicheza peke yake, asubuhi, masikio yakiwa mapya, na kivuli kikapungua sana. Inawezekana sehemu ya sifa tunazompa Homme ni za yule aliyepanga nyimbo zifuatane vile.