Kiriba Kinacholiwa na Udongo: Zijue Plastiki Zinazotengenezwa na Bakteria

Anayeujua ulanzi wa Iringa hataliona somo hili geni. Ukigemwa asubuhi ni mtogwa, mtamu. Ukikaa hadi kesho yake umekuwa mkangafu. Hakuna aliyeongeza kitu. Vijidudu vimekula sukari iliyotoka kwenye mwanzi na kuacha kileo. Wapo bakteria wengine ambao wakipewa sukari huigeuza kuwa plastiki na kuiweka akiba ndani ya miili yao.

Sababu yao haina tofauti na ya mkulima wa Mbozi anayejenga kihenge. Bakteria hawa wakipata sukari au mafuta kwa wingi huku wamepungukiwa naitrojeni au fosforasi, hawawezi kukua na kugawanyika. Chakula kilichozidi hukitunza kama punje ndogo ndani ya seli, kikisubiri siku ya njaa. Punje hizo ndizo plastiki yenyewe. Mfaransa Maurice Lemoigne alizitambua mwaka 1926 huko Paris, ndani ya bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus megaterium. Mwingine, Cupriavidus necator, akilishwa vizuri maabara, punje hufikia asilimia 80 ya uzito wake mkavu: kilo moja ya bakteria waliokaushwa inakupa gramu 800 za plastiki. Jamii hii huitwa polihidroksialkanoeti, kwa kifupi PHA. Ikishatolewa kwenye seli na kusafishwa, huyeyushwa na kufinyangwa kama plastiki nyingine.

Inaoza kwa kuwa tangu mwanzo ilikuwa chakula. Udongo umejaa bakteria na kuvu wenye vimeng'enya vya kuikata vipande na kuila, hadi ibaki kabonidayoksaidi na maji.

Ninalisema hili nikiwaza viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 iliacha nafasi kwa vifungashio vya kilimo, na ni sawa, kwani bila viriba vitalu vya parachichi Rungwe na Njombe au vya misindano Mufindi vingesimama. Lakini pita shambani baada ya kupanda. Viriba vilivyochanwa vimelala kando ya mashimo, vingine vimechomwa moto, na vingine havikuchanwa kabisa. Nimewahi kushuhudia mche wa parachichi uliodumaa ukifukuliwa: mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya kiriba kama kamba kwenye ndoo. Iliniuma, maana mwenye shamba alikuwa ameumwagilia kiangazi kizima.

Hapa ndipo neno "inaoza" linapohitaji kuulizwa maswali. Kuna plastiki ya kawaida iliyochanganywa na kemikali za kuifanya ipasuke upesi juani. Hiyo huvunjikavunjika tu, na vipande vyake hubaki shambani vikiwa vidogo zaidi, vigumu zaidi kuokota. Kuna pia plastiki ya asidi ya laktiki, asidi ile ile inayofanya maziwa mgando yawe makali. Bakteria hutengeneza asidi, kisha kiwanda huiunganisha kuwa plastiki. Ni bidhaa nzuri, ila ili ioze vizuri inahitaji unyevu na joto la nyuzi 60 hivi, kama la lundo kubwa la mboji linalosimamiwa kitaalamu. Udongo wa Makete haufikii joto hilo hata Oktoba. Ukiifukia huko, utaikuta.

PHA haihitaji joto hilo, lakini nayo hufuata hali ya mahali. Kiriba chembamba kwenye udongo wenye joto na unyevu wa Kyela kitaliwa mapema kuliko kile kile kikifukiwa Kitulo wakati wa baridi ya Juni. Kwa hiyo muuzaji akikwambia viriba vyake vinaoza, muulize vimetengenezwa kwa kitu gani, na vinaoza wapi, kwa muda gani. Akishindwa kujibu, usilipe bei ya juu.

Bei ndiyo kikwazo kikubwa. PHA bado ni ghali mara kadhaa kuliko plastiki ya kawaida, na chakula cha bakteria peke yake kinaweza kumeza karibu nusu ya gharama. Ndiyo maana watafiti wanageukia mabaki: molasi, wanga wa viazi vilivyokataliwa sokoni, na yale maji yanayobaki jibini ikikamuliwa, ambayo bado yana sukari ya maziwa. Nyanda za Juu Kusini zina viazi na maziwa. Kwa maoni yangu, huko ndiko utafiti wetu uelekee, badala ya kusubiri viriba vya kuagiza nje.

Kwa msimu huu, mwenye kitalu Rungwe ana magamba makavu ya mgomba nyumbani. Yaloweshe yalainike, yakunje kama kopo, funga kwa kamba ya mgomba, jaza udongo na mbolea iliyoiva. Hayadumu kama plastiki, kwa hiyo yafaa miche isiyokaa kitaluni muda mrefu. Siku ya kupanda usichane kitu: fukia mche na gamba lake, na hakikisha ukingo wa gamba hauchomozi juu ya udongo, usije ukanyonya maji ya mche.