Aplikesheni za simu na uzito wa mtoto: maswali wanayouliza wazazi

Aplikesheni ya simu inaweza kumpunguzia mtoto uzito?

Peke yake haiwezi. Kazi inayoifanya vizuri ni ya daftari: inatunza kumbukumbu ya vinywaji, michezo na usingizi, halafu inaonyesha mwenendo wa wiki nzima, ambao mtu anayemwona mtoto kila siku hauoni. Mabadiliko yenyewe yanatoka jikoni, dukani na uwanjani. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani wa mwaka 2023 unataka vikao vya ana kwa ana na familia, saa 26 au zaidi ndani ya miezi 3 hadi 12. Kwetu ni kliniki chache zenye nafasi hiyo, na simu inafaa hasa kwa wiki zilizopo kati ya hudhurio moja na jingine.

Aplikesheni niliyopakua inasema binti yangu wa miaka 10 ana uzito wa kawaida. Niiamini?

Angalia kwanza kama imekuuliza umri na jinsia. Kama haikuuliza, inampima kwa vipimo vya mtu mzima.

Tuchukue msichana wa miaka 10 mwenye kilo 42 na urefu wa mita 1.38. Gawanya 42 kwa 1.38, kisha gawanya tena jibu kwa 1.38, unapata 22.1. Hiyo ndiyo BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Kwa mtu mzima, kati ya 18.5 na 24.9 ni kawaida, kwa hiyo aplikesheni inampongeza. Lakini kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani ya umri wa miaka 5 hadi 19, msichana wa miaka 10 anahesabiwa kuwa na uzito uliozidi akivuka mstari wa +1, yaani wa kwanza juu ya mstari wa katikati, ambao kwa umri wake ni 19.0. Mstari wa +2, unaoashiria unene wa kupindukia, uko 22.6. Binti huyu hayuko mbali nao.

Kosa hilo linaumiza upande wa pili pia. Mvulana wa miaka 10 mwenye BMI ya 16.4 yuko katikati kabisa ya chati, ila kipimo cha watu wazima kitamwita mwembamba kupita kiasi, na nyumbani ataanza kulazimishwa kula.

Kwa aliye chini ya miaka 5, achana na aplikesheni. Kadi ya kliniki inatosha.

Apimwe vipi, na kila baada ya muda gani?

Mara moja kwa mwezi inatosha. Apimwe asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya kunywa chai, bila viatu, akiwa na nguo nyepesi. Mzani uwe juu ya sakafu ngumu, kwa sababu ukiuweka juu ya zulia utadanganya.

Makosa mengi yako kwenye urefu. Mtoto asimame ameegemea ukuta, visigino, makalio na mabega vikigusa, macho yakitazama mbele. Nywele zilizofungwa juu zifunguliwe. Weka kitabu kigumu kichwani, kikilala sawa na kukutana na ukuta, tia alama chini yake, ndipo upime kwa futi kamba. Ukikosea sentimita 2 tu na kuandika 1.36 badala ya 1.38, BMI ya binti yule inaruka hadi 22.7, na simu inamhamishia kwenye kundi la unene wa kupindukia ilhali hakuongezeka hata gramu.

Lengo liwe kupunguza kilo ngapi?

Kwa watoto wengi ambao bado wanarefuka, lengo ni uzito usimame wakati urefu unapanda. Binti yuleyule akibaki na kilo 42 na kufikia mita 1.44, BMI yake inashuka hadi 20.3. Hajapoteza kilo hata moja, hajalala njaa.

Kwa hiyo ukiona aplikesheni inapendekeza kupunguza nusu kilo kila wiki, hiyo imetengenezwa kwa watu wazima. Zima lengo hilo, na kama haliwezi kuzimwa, ifute. Kumpunguza mtoto kilo ni uamuzi wa kufanyika na daktari au mtaalamu wa lishe anayemfuatilia.

Tuhesabu kalori za kila mlo?

Hapana. Kwanza hesabu yenyewe haitakuwa sahihi. Chakula chetu kinatoka kwenye sufuria moja, mara nyingi kinaliwa kwenye sinia moja, na kamera ya simu haioni mafuta yaliyotiwa kwenye mchuzi. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120. Ukitafuta ugali kwenye aplikesheni za nje, unaweza kukuta mtumiaji mmoja ameandika thamani ya unga mkavu, takriban kilokalori 360 kwa gramu 100, na mwingine ya ugali uliopikwa, ambao una maji mengi na hivyo nishati ndogo sana kwa uzito uleule. Majedwali ya vyakula vyetu yapo, ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2018, lakini si kila aplikesheni imeyaingiza.

Pili, na hili ni zito zaidi, kijana anayehesabu kila tonge anaweza kufika mahali anaogopa kula. Aplikesheni nyingi za kuhesabu kalori zinakataa walio chini ya miaka 18 kwenye masharti yao. Usimdanganyie mtoto umri ili apite.

Sasa tuandike nini?

Mambo manne yanatosha: vinywaji vyenye sukari, mara alizokula mboga na matunda, dakika za kucheza, na saa ya kulala.

Wiki ya kwanza andikeni tu, msibadilishe chochote. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanajiwekea malengo ya kubahatisha. Wiki ya pili chagueni jambo moja. Tuseme daftari limeonyesha soda 7 kwa wiki. Lengo liwe 4, si sifuri. Kaeni nalo wiki mbili, ndipo mwongeze jingine.

Vinywaji ndipo pa kuanzia, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi na faida ni kubwa. Soda ya kola huwa na takriban gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100, hivyo chupa ya mililita 500 ina gramu 53, sawa na vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600, hiyo ni gramu 40. Chupa moja imeshavuka. Na msisahau chai: vikombe viwili vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 24, nazo haziandikwi popote maana hakuna anayeona chai kuwa kinywaji kitamu.

Lengo liwe la nyumba nzima. Baba akinywa soda mezani huku mtoto akiandikiwa maji, daftari hilo halitafika mbali.

Vipi hatua 10,000 kwa siku?

Ziacheni. Shule nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo kihesabu hatua kitakosa mchezo wote wa mapumziko. Hesabuni dakika: wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamka kwa umri wa miaka 5 hadi 17. Rede, kombolela, kuruka kamba, mpira wa mtaani, vyote vinahesabika. Kama anahema kiasi kwamba anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, ameshafika.

Nani ashike simu?

Kwa mtoto wa shule ya msingi, mzazi aandike, mtoto akitaja. Dakika mbili baada ya chakula cha usiku. Kijana wa sekondari aandike mwenyewe, mkiwa mmekubaliana nini utaona na nini hutaona. Usiku simu ilale sebuleni. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, wa 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na usingizi mfupi unaongeza hamu ya kula.

Taarifa zake ziko salama?

Si kila mahali. Mwaka 2022 kampuni ya WW ya Marekani, inayouza mipango ya kupunguza uzito na zamani ikiitwa Weight Watchers, kupitia aplikesheni yake ya watoto iitwayo Kurbo, ilikubali kulipa dola milioni 1.5 baada ya serikali kuishtaki kwa kukusanya taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 bila ridhaa sahihi ya wazazi. Iliamriwa kufuta taarifa hizo pamoja na mifumo iliyojengwa kwazo.

Fungua akaunti kwa barua pepe yako. Tumia jina la utani. Ikiomba mahali ulipo, orodha ya namba za simu au maikrofoni, kataa. Zima ukurasa wa kushindana na watumiaji wengine. Na soma bei: za bure kwa siku 7 huanza kukata pesa siku ya 8.

Ni wakati gani wa kufunga aplikesheni na kwenda hospitali?

Ifunge akianza kuficha chakula, kuruka milo, kujitapisha, kujipima mara kadhaa kwa siku, au msichana akikosa hedhi.

Mpeleke hospitali bila kusubiri hudhurio lijalo akiwa na kiu na kukojoa kupita kawaida, akikoroma na pumzi kukatika usingizini, akichechemea au kuumwa nyonga au goti, au akiumwa kichwa na kuona ukungu. Ngozi nyeusi, nene kama mahameli, shingoni na kwapani si uchafu wa kusuguliwa kwa dodoki. Mara nyingi ni ishara kwamba insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, haifanyi kazi vizuri, na anastahili kupimwa sukari.

Ameichoka baada ya wiki tatu. Nimlazimishe?

Hapana, wengi huchoka mapema. Mwulizeni ni kipi kati ya yale manne anataka kuendelea nacho, mengine myaache. Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji na kalamu iliyofungwa kwa uzi inafanya kazi ileile, wala haihitaji bando.