Kunguru, Gata na Kadi ya Uanachama

Kunguru wa Dar hajengi kiota kwa vijiti peke yake. Mjini hapa vijiti ni adimu, waya tele, kwa hiyo anaokota waya wa kufungia nondo, hanga za nguo, vipande vya nyaya za umeme, kisha anavisuka mahali palipotulia. Mdomo wa bomba la maji ya mvua juu ya paa la kanisa umetulia kuliko pengine popote. Mvua ya kwanza ikinyesha, majani yananasa kwenye waya, gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, inafurika, maji yanashuka na ukuta usiku kucha.

Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza majengo ya zamani. Kanisa moja kongwe hapa mjini, ambalo sitalitaja, waliniita kwa sababu rangi ilikuwa inabanduka. Nikapitisha kidole ukutani, kikatoka na unga mweupe kama sembe. Chumvi hiyo. Nikagonga plasta kwa sarafu ya shilingi mia mbili, ikalia kama dafu lililokauka maji. Mzee wa kamati ya ujenzi akaniambia, "Mwanangu, juzi juzi tu tumefanya harambee, tumepaka kanisa lote."

"Na gata, mzee?"

"Gata haikuwamo kwenye bajeti."

Simlaumu. Harambee inapenda kitu kinachoonekana Jumapili. Nani atasimama mbele ya umati aahidi laki tano za kutoa kiota cha kunguru?

Majengo mengi ya zamani ya pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa inapumua: ukuta ukilowa, unyevu unatoka taratibu kwenye maungio na kwenye plasta. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilipoanza uzalishaji 1966, saruji ikawa ndiyo dawa ya kila kitu, na mpaka leo fundi akiona ufa anawaza mfuko wa saruji. Ukiziba ukuta wa chokaa kwa saruji, halafu ukaupaka rangi ya mafuta, maji yaliyoingia hayana pa kutokea. Yanakaa ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma, jiwe nalo linamung'unyuka. Kwa nje utaona kanisa jipya kabisa.

Sasa simama Kivukoni utazame. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki lilijengwa na wamisionari Wajerumani kati ya 1897 na 1902. Hatua chache kutoka hapo kuna Azania Front la Walutheri, nalo la wakati huohuo, lenye paa la vigae vyekundu. Yote mawili yanapigwa na upepo wa chumvi wa bandari mchana na usiku, na siku hizi maghorofa yameyazunguka. Majengo ya namna hii hayahitaji ukarabati mkubwa kila baada ya miaka ishirini. Yanahitaji hela ndogo isiyokatika, na macho.

Hela ndogo isiyokatika ndiyo uanachama. Kule Uingereza, kanisa kuu la Canterbury lina chama cha marafiki tangu 1927: watu wanalipa ada ya mwaka, chama kinasaidia matunzo ya jengo. Kwetu wazo lenyewe si geni, tunalo kwenye vikoba na vyama vya kuzikana. Piga hesabu: watu 300, kila mmoja 5,000 kwa mwezi, ni milioni 18 kwa mwaka. Haijengi mnara, ila inamlipa fundi wa paa mara mbili kwa mwaka, inanunua chokaa, na bado kinabaki cha dharura.

Masharti yangu ni mawili, na hapa huwa nakuwa mbishi. Fedha hizo ziwe na akaunti yake, zisichanganywe na zaka wala sadaka, na taarifa ibandikwe mlangoni. Pia, mlango wa uanachama uwe wazi kwa asiye muumini wa hapo. Jirani yangu Mwislamu hupita mbele ya Mtakatifu Yosefu kila anapokwenda kupanda boti ya Unguja, na huniambia akiuona mnara ule kutoka baharini ndipo anajua amefika nyumbani. Kwa nini asipewe kadi?

Macho ndiyo kazi ya kujitolea. Tafadhali, asipande mtu paani. Hiyo ni ya fundi mwenye mkanda. Na asije mtu na ndoo ya rangi kwa mapenzi mema. Anayejitolea asimame chini wakati mvua inanyesha, na mwavuli wake, aone maji yanamwagika wapi. Dakika kumi hizo zinanisaidia kuliko ukaguzi wangu wa siku nzima ya jua. Apige picha ukuta uleule, kutoka mahali palepale, kila mwezi. Anayejua historia awapokee wageni wanaoshuka kwenye boti. Mwenye subira akakague kabati la vitabu vya ubatizo, maana mchwa hawasubiri kikao.

Kisha kuna penseli. Ukiona ufa, chora mstari mmoja mwembamba unaoukata, andika tarehe pembeni. Mstari ukiachana, ukuta unatembea, niite. Ukibaki umenyooka, ufa umelala, uache.

Lile kanisa la gata sasa lina kikundi cha watu kumi na wawili. Kiota kilitolewa kabla ya masika, kilijaza ndoo nzima ya waya. Juu ya dirisha la upande wa bahari kuna ufa ambao kamati ilikuwa imeshauombea makadirio ya kuubomoa na kuujenga upya. Miezi kumi na minne sasa, mstari wa penseli haujaachana.