Mbona midomo na sauti haziendani kwa muvi za kitambo za kung fu

Sisi tuliokulia Nairobi tukiona kung fu kwa vibanda vya video, wengi tunaamini midomo na sauti haziendani juu ya Kiingereza kilichowekwa vibaya, eti ile kopi ya Kichina yenyewe iko sawa. Ni rahisi kuamini hivyo. Lakini muvi nyingi za Hong Kong za miaka ya 1960 na 1970 zilishutiwa bila sauti, halafu maneno, nyayo na hata ile "pah!" ya ngumi zikaongezwa baadaye studioni, hata kwa kopi za Kimandarini ama Kikantoni, lugha mbili za Kichina, na mara nyingi sauti unayoskia si ya steringi mwenyewe, ni ya mtu mwingine amesimama mbele ya maiki. Hii ilisaidia sana kwa sababu waigizaji wengine waliongea Kikantoni na wengine Kimandarini kwa sini hiyo hiyo moja.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta kopi ya Kimandarini yenye maandishi chini, angalia midomo kamera ikikaribia, kisha skiza sini ya sokoni: watu wamejaa lakini sauti ni safi kama ya chumbani. Mimi nazipenda hizo sauti kweli, ni kazi ya watu ambao mara nyingi majina yao hayakuandikwa popote kwa muvi.