Kwenda Kinshasa kwa saa moja na nusu, kurudi kwa saa tatu na nusu?

Nauza tiketi za ndege hapa Lubumbashi, na kuna hesabu moja imenichosha. Mteja anashika tiketi, anasoma: kutoka Luano (uwanja wetu wa ndege) 10:00, kufika N'djili (uwanja wa Kinshasa) 11:30. Anatoa 10:00 kwenye 11:30, anapata saa moja na nusu. Anatazama upande wa kurudi: kutoka 13:00, kufika 16:30. Saa tatu na nusu! Anainua kichwa, anataka nimweleze kwa nini namuuzia ndege inayotambaa.

Papa, mama, safari ni kama saa mbili na nusu, kwenda na kurudi. Kutoka Lushi (Lubumbashi) hadi Kin (Kinshasa) kwa anga ni kilomita kama 1,570, na hazipungui kwa sababu umeelekea magharibi. Nchi yetu ina majira mawili ya saa: Kinshasa iko UTC+1, yaani saa moja mbele ya saa ya kimataifa; Katanga yetu, Kasai na Kivu ziko UTC+2, saa mbili mbele. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji uliotajwa kando yake. Kin ikiwa 11:30, kwetu ni 12:30 tayari. Haya, toa tena.

Wengine, hasa wanafunzi, wananiletea sayansi: eti dunia inazunguka kuelekea mashariki, basi Kinshasa inakuja kuipokea ndege. Ingekuwa hivyo, tiketi ya kwenda ningeiuza nusu bei. Ndege ikiwa bado imesimama Luano inazunguka pamoja na dunia, na hewa nayo vilevile. Upepo upo, sikatai, lakini katika safari hii unaongeza au kupunguza dakika, si saa mbili.

Na kosa hili lina gharama. Aliyeko Kin akibaki na saa ya Lushi mkononi atawahi uwanjani, atakunywa soda. Anayelia ni aliyetoka Kin bila kurekebisha saa yake: anaona 9:00, kumbe Luano ni 10:00 na kaunta imefungwa. Kabla ya kutoa chochote, tafuta kwenye tiketi palipoandikwa muda wa safari. Hapo hesabu imeshafanywa.

Wanaoenda Guangzhou, China, kununua bidhaa hulalamika kwamba kupitia Addis Ababa ni kuzungushwa. Moja kwa moja ni kilomita kama 10,000. Kwa Addis ni kama 10,600. Kinachokula siku ni kusubiri ndege ya pili, kwa hiyo linganisheni saa za kusubiri, ramani muiache.

Halafu Bruxelles. "Saa yao na yetu ni moja." Ndiyo, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Baada ya hapo wanarudisha saa yao nyuma, sisi tunabaki tulipo. Mwenye tiketi ya Desemba amtumie ndugu anayemngoja Zaventem, uwanja wa ndege wa Bruxelles, saa ya kufika kama ilivyoandikwa, bila kuigusa.