Kwa nini shirika la hisani hupokea gari lisilowaka?

Nchini Marekani, mtu mwenye gari kuukuu linalomjazia nafasi uani anaweza kulipigia simu shirika la hisani, na baada ya siku chache gari la kuvuta hufika, likalifunga lile bovu na kuondoka nalo bila kumtoza mwenyewe hata senti. Huchukuliwa hata kama injini imekufa na matairi yamekwisha upepo. Ajabu ni kwamba anayelipokea huenda ni kituo cha redio ya umma, chama cha kulinda wanyama au shirika linalowahifadhi wasio na makazi, yaani watu wasio na gereji wala fundi. Watalifanyia nini?

Kwa kawaida hawalifanyii chochote, na wengi wao hata hawalioni. Wanachohitaji ni fedha, na kazi ya kuligeuza gari kuwa fedha huachiwa kampuni ya wakala, ambayo hupokea simu, hupanga uvutaji, hushughulikia hati na kulipeleka gari mnadani. Gari linalotembea hununuliwa na wachuuzi wa magari. Lisilotembea huishia kwa wauza vipuri au kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hapo ndipo thamani ya gari bovu inapoonekana, kwa sababu gari dogo la kawaida lina uzito unaozidi tani moja, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni chuma kinachoweza kuyeyushwa upya. Betri yake ina madini ya risasi, milango na taa zake hutafutwa na wenye magari ya aina hiyo hiyo, na ndani ya bomba la moshi mna kifaa ambacho mafundi hukiita masega, chenye chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Wakala hukata gharama za uvutaji, matangazo na ujira wake, kisha hulikabidhi shirika kiasi kinachobaki, ambacho wakati mwingine ni kidogo kuliko mtoaji alivyodhani.

Upande wa mtoaji, kivutio kikubwa kimekuwa kodi ya mapato. Hadi mwishoni mwa mwaka 2004, aliyetoa gari aliruhusiwa kukadiria mwenyewe bei yake ya sokoni na kukiondoa kiasi hicho katika mapato yanayotozwa kodi, na makadirio hayo, kama mtu angeweza kutarajia, yalikuwa ya ukarimu mno. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza jambo hili mwaka 2003, ikafuatilia magari 54 yaliyotolewa, na ikabaini kwamba katika takriban theluthi mbili ya magari hayo mashirika yalipata asilimia 5 au pungufu ya thamani ambayo watoaji walikuwa wameidai. Sheria iliyopitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Januari 2005 ililifunga pengo hilo: ikiwa punguzo linalodaiwa, yaani kiasi kinachoondolewa katika mapato yanayotozwa kodi, linazidi dola 500, halipaswi kuvuka bei ambayo gari liliuzwa kweli. Aliyedhani gari lake ni la dola 4,000, nalo likanunuliwa mnadani kwa dola 900, huandika 900. Gari likiuzwa kwa dola 500 au chini ya hapo, mtoaji anaweza kudai thamani yake ya sokoni, mradi isizidi dola 500.

Bei inayozungumzwa hapa ni ile ya mauzo kabla ya wakala kukata chake, kwa hiyo bado mtoaji anaweza kudai fedha ambazo shirika halikuzipata zote. Sheria pia iliacha milango mitatu ya kudai thamani kamili ya sokoni: shirika likilitumia gari hilo kwa kiasi kikubwa katika kazi zake, kwa mfano kupeleka chakula kwa wazee, likilifanyia matengenezo makubwa yanayoliongezea thamani, au likimpa mtu mwenye uhitaji, ama likamuuzia kwa bei iliyo chini sana ya soko. Ikiwa gari limeuzwa tu, shirika hutakiwa kumpelekea mtoaji fomu namba 1098-C, inayoonyesha bei ya mauzo, ndani ya siku 30 tangu kuuzwa.

Punguzo hili, hata hivyo, si fedha ya kurudishiwa. Kwa mtu anayetozwa asilimia 22, punguzo la dola 900 humwokolea dola 198. Isitoshe, linamfaa tu anayeorodhesha matumizi yake moja moja katika fomu ya kodi, na idadi ya watu hao ilipungua sana mwaka 2018, wakati punguzo la jumla ambalo kila mlipakodi asiye na mwenzi hupewa bila kuorodhesha lilipopandishwa kutoka dola 6,350 hadi 12,000. Kwa maoni yangu, mwenye gari linalotembea ambaye nia yake ni kulisaidia shirika angefanya vyema zaidi kuliuza mwenyewe na kutoa fedha taslimu, kwani hapo wakala hakati kitu. Utaratibu wa kuvutiwa gari humfaa hasa yule ambaye lake haliuziki kirahisi.

Huyo naye ana jambo moja la kushughulikia kabla gari halijaondoka, nalo ni hati ya umiliki. Aandike jina la mpokeaji, asiache nafasi wazi, aondoe namba za gari pale jimbo lake linapotaka hivyo, na aiarifu mamlaka ya magari, la sivyo faini za maegesho za mnunuzi asiyemjua zinaweza kuja kwa jina lake.