Kriptokromu: kutoka kipokea mwanga hadi gurudumu la saa

Wanafunzi wangu wa bayolojia huniuliza swali moja kila muhula: ikiwa kila seli ina saa yake ya ndani, inayopanga mdundo wa usiku na mchana, mwanga una kazi gani? Kazi yake ni kuirekebisha, kwani saa hiyo haiendi sawasawa na jua. Ya binadamu, ikiachwa yenyewe, hukamilisha mzunguko kwa wastani wa saa 24 na takriban dakika 10, na ucheleweshaji huo hujilimbikiza.

Kwa nzi wa matunda, kirekebishi ni kriptokromu, protini inayonasa mwanga wa buluu na ambayo jamii yake ilitambuliwa kwanza katika mmea mwaka 1993. Usiku, protini za PER na TIM hujikusanya ndani ya seli za nzi hadi zikazima jeni zilizozizalisha, na kujizuia huko ndiko kunakoendesha saa. Mwanga ukiingia, kriptokromu hubadilika umbo na kuishika TIM, ambayo huvunjwavunjwa. Ninachokipenda hapa ni kwamba tendo moja huleta matokeo mawili yanayopingana: nzi akimulikwa mapema usiku, TIM iliyopotea hutengenezwa tena na saa hurudi nyuma, lakini akimulikwa karibu na alfajiri, uzalishaji umekwisha kupungua, hivyo saa husonga mbele.

Sisi mamalia tunazo kriptokromu pia, ila hazitupimii mwanga. Zimekuwa sehemu ya mtambo wenyewe, zikishirikiana na PER kuzima jeni, na panya aliyekosa aina zote mbili hupoteza mdundo wake akiwekwa gizani. Kazi ya kupokea mwanga ilishikwa na protini nyingine, melanopsini, ambayo Ignacio Provencio na wenzake waliitambua mwaka 1998, tena katika ngozi ya chura wa Kiafrika. Mwaka 2002 David Berson na wenzake walionyesha kwamba seli chache za retina, utando wa nyuma ya jicho, zenye protini hiyo huitikia mwanga zenyewe, hasa wa nanomita 480 hivi, na kupeleka habari kwenye kiini cha saa kilicho ndani ya haipothalamasi, sehemu ya ubongo.

Ndiyo maana baadhi ya vipofu, wasioona hata mwanga wa taa, bado miili yao hupunguza melatonini, homoni ya usiku inayohusiana na usingizi, wanapomulikwa machoni usiku. Kwa maoni yangu, daktari anayefikiria kuondoa jicho lisiloona, kama si lazima kuliondoa, angepaswa kwanza kumuuliza mgonjwa analala na kuamka vipi.